Coccinelle inayovuja petroli usiku tu: nimsikilize fundi gani?

*«Jambo fundi. Nina Volkswagen Coccinelle ya mwaka 1972, injini 1300. Marehemu baba ndiye alituachia na sitaki kuiuza. Tangu miezi michache, kila asubuhi nakuta chini yake, upande wa nyuma, pamelowa sehemu ya ukubwa wa sahani, na panatoa harufu ya esansi. Nikishaiwasha na kutembea haivuji tena. Hata nikisimama nusu saa karibu na Place de l'Indépendance, chini nakuta pakavu. Lakini nikijaza tangi, harufu inaingia mpaka ndani, upande wa mbele. Nyumbani Nguba naegesha mlimani, pua ikitazama juu. Fundi wa kwanza alifungia mpira wa baiskeli na kupaka sabuni. Wa pili anasema tangi limetoboka, lishushwe lichomelewe. Wa tatu anasema gari za zamani zote zinavuja, nisijisumbue. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuendelea kupeleka watoto shule nayo?»*

Mama, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu halingoji: hapana. Watoto wasipande gari hilo mpaka ijulikane linavuja wapi na pazibwe. Wewe mwenyewe usiliendeshe, isipokuwa kulisogeza kulitoa mlimani. Hayo mengine tutayapima taratibu. Kwa jinsi ulivyoeleza, huenda dawa yake ni mita chache za mpira mzuri na siku moja ya fundi makini.

Fundi wa tatu ana nusu ya ukweli. Coccinelle zilizozeeka huvuja oili kweli, na wengi wetu tunaweka kipande cha kadibodi chini ya injini bila hata kuwaza. Ila oili hudondoka ikakaa pale pale, na haishiki moto mpaka ipashwe sana. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi ya Bukavu, hata ile ya ukungu mzito kutoka ziwani, kwake ni joto tosha. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa ardhini kama maji, hufuata mteremko na kutulia penye shimo. Pale Nguba ambapo nyumba zimepangana moja juu ya nyingine, harufu unayoiacha nje saa nne za usiku inashukia uani kwa jirani wa chini, naye huenda ana mbabula ya makala inayoivisha maharagwe ya kesho.

Na usidanganyike na udogo wa kile kinachodondoka. Glasi moja ya petroli, mililita 200, ikigeuka mvuke yote, inatosha kufanya zaidi ya mita 2 za ujazo za hewa ziwe tayari kulipuka. Chumba cha injini cha Coccinelle ni kidogo kuliko hapo mara kadhaa. Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui: mwili wa injini hiyo umetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesi. Magnesi ikishika moto huwaka kwa mwanga mkali mweupe, na ukiimwagia maji ndiyo kwanza inazidi.

Sasa nije kwenye hili linalokupa moyo bure, kwamba ukishatembea haivuji tena. Mara nyingi inavuja vilevile, ila tone halifiki chini. Linaangukia bati au silinda yenye moto, linageuka mvuke hapo hapo, huku delko inayogawa umeme wa plagi ikiwa jirani kabisa na pampu ya mafuta. Mimi tone linalofika kwenye saruji linanitisha kidogo, kwa kuwa naliona. Linalokaukia juu ya injini ndilo linaloteketeza magari haya.

Ili ujue pa kutafuta, fuata njia ambayo petroli inapita. Tangi la Coccinelle, la lita 40 hivi, liko mbele, chini ya boneti. Chini ya tangi kuna kipande kifupi cha mpira kinacholiunganisha na bomba la chuma. Bomba hilo linaingia kwenye handaki la katikati ya gari, lile linalopita kati ya viti viwili vya mbele, na kutokea nyuma karibu na giaboksi. Hapo kuna kipande cha pili cha mpira, ambacho kila mtu hukisahau kwa kuwa hakionekani mpaka ulale chini ya gari. Kisha bomba fupi linapenya bati la mbele ya injini, mpira wa tatu unaingia kwenye pampu, na mpira wa nne unatoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta. Kila mpira una ncha mbili, hivyo una viungo vinane ambavyo vinaweza kuwa na umri wa miaka mingi.

Mlima una sehemu yake katika habari hii. Ukiegesha pua juu, tangi linapanda na injini inashuka. Kati ya tangi na pampu kuna mita mbili na nusu hivi. Kwenye mteremko wa asilimia 10, hizo ni sentimita 25 za ziada ambazo petroli inasukuma kwa uzito wake usiku kucha. Pampu haiwezi kuizuia, kwa sababu valvu zake mbili zinafunguka kuelekea upande huo huo wa kabureta. Kinachobaki kuizuia ni ile sindano ndogo ndani ya kabureta, inayofungwa na boya. Sindano ikiwa imechakaa, au punje ya kutu ikikaa chini yake, bakuli la kabureta linajaa kupita kiasi, petroli inafurika na kushuka kwenye injini au kupitia ekseli ya kabureta hadi nje.

Kwa hiyo unyevu wako wa asubuhi una watuhumiwa wawili wakubwa: mpira au kiungo cha upande wa nyuma, au sindano ya kabureta. Kuna njia ya kuwatenganisha kabla hujalipa mtu yeyote. Injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, ukiangalie na kukinusa. Ikiwa kimo cha oili kimepanda juu ya alama ya mwisho, au kijiti kinanuka petroli, basi petroli imeingia kwenye oili, ama kwa kufurika kutoka kwenye kabureta, ama kwa kupita kwenye kiwambo cha pampu kilichochanika. Hapo usiwashe injini hata kidogo. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, bearingi zitakufa haraka, na mvuke uliojaa ndani ya injini unaweza kuwaka. Kwanza sababu itengenezwe, kisha oili yote ibadilishwe. Injini hiyo inachukua lita 2.5 tu, si hasara kubwa.

Kijiti kikiwa safi, mtuhumiwa mkuu ni mipira. Hapa inabidi nieleze jambo ambalo hata mafundi wanalichanganya. Injini ikizunguka, pampu inavuta upande wa tangi na kusukuma upande wa kabureta. Ufa ulio kabla ya pampu unaweza kweli kuacha kuvuja wakati wa safari, lakini badala yake unaingiza hewa: gari linakosa nguvu na kukohoa ukipanda kwenda Bagira, na kwenye chujio unaona mapovu. Ufa ulio baada ya pampu unafanya kinyume. Pampu ya Coccinelle inasukuma kwa kama 0.2 bar, sawa na petroli iliyosimama kwa kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu. Kama kiungo hicho kinavuja kwa sentimita 25 za mlima, fikiria kinavyofanya ukiwa barabarani. Gari lako linakohoa mlimani? Hukusema, na jibu lake lingenisaidia sana.

Harufu ya mbele ni habari nyingine, na ninavyoona una sehemu mbili zinazovuja. Harufu inayokuja tangi likijaa na kuondoka likishuka robo inatoka sehemu ya juu ya tangi: gasketi ya kile kifaa cha kupima mafuta, mpira mkubwa unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, au mpira mdogo wa kupumulia. Tangi lililotoboka chini lingenuka hata likiwa nusu, na lingelowesha mbele ya gari, si nyuma. Ndiyo maana simwamini fundi wa pili mpaka anionyeshe hilo tundu kwa kidole. Kumbuka pia kwamba petroli inapanuka: ukijaza tangi pomoni asubuhi ya baridi kisha gari likakaa juani likapata joto la nyuzi 15 zaidi, lita 40 zinaongezeka kwa zaidi ya nusu lita, na nusu lita hiyo lazima itafute pa kwenda. Pampu ya kituoni ikikata yenyewe, acha hapo. Yule kijana anayetaka kukuongezea mpaka uione mdomoni hakufanyii wema.

Kutafuta uvujaji kunahitaji subira zaidi ya vifaa. Osha sehemu zote kwa maji ya sabuni, kausha, kisha paka unga wa chaki au poda ya watoto kwenye viungo na chini ya kabureta; petroli ikipita itaacha mfereji wa rangi nyingine. Tandika kadibodi nyeupe chini ya gari zima, chora kwa kalamu mahali magurudumu yalipo, na kila asubuhi zungushia alama penye doa. Usiku wa kwanza egesha penye tambarare, wa pili pua chini, wa tatu pua juu, kila mara mahali pa wazi, mbali na nyumba na moto, na kamwe si juu ya shimo la garaji. Doa linalotokea pua juu tu linaelekeza kwenye injini. Linalotokea kila usiku, tena katikati ya gari, linaleta shaka juu ya bomba la ndani ya handaki, na hilo si kazi yako. Umeme ukikatika, na tunajua utakatika, tumia tochi; mshumaa na kibatari vikae mbali.

Tuzungumzie sasa ule mpira wa baiskeli. Fundi wa kwanza simlaumu sana, kwa sababu kila kitu hapa kwetu kimefungwa nao na mara nyingi unashika. Kwa maji, sawa. Kwa petroli, hapana: unavimba, unalainika, unageuka uteute, na chini yake ufa unaendelea kukua bila kuonekana. Ukate leo. Sabuni nayo ina hadithi ya kweli. Haiyeyuki kwenye petroli, kwa hiyo sabuni ya kipande ikisuguliwa kwenye tundu dogo la tangi inaweza kukufikisha nyumbani. Inaishia hapo. Kwenye kiungo kinachotikisika na kupata moto inapasuka baada ya kilomita chache. Gundi ya haraka inakauka ngumu na kuvunjika kwa mitikisiko ya barabara zetu. Silikoni ya kawaida ya madirisha ni mbaya kuliko zote, maana inavimba ndani ya petroli, inakatika vipande, na vipande hivyo vinaziba vitundu vya kabureta.

Ninachokushauri ni kubadilisha mipira yote minne kwa siku moja, hata kama mmoja tu ndiye mkosaji. Ilizeeka pamoja. Mita mbili zinatosha na kubaki. Kipenyo cha ndani kwa gari lako ni milimita 5.5, ule wa milimita 8 unaokazwa kwa nguvu mpaka ukunjamane ni uvujaji mpya unaosubiri siku yake. Soma maandishi ubavuni: SAE J30 R9 au DIN 73379 ni alama za mpira wa mafuta. Mpira usio na maandishi yoyote, hata kama muuzaji anaapa, mjaribu. Kata kipande cha urefu wa kidole, kitumbukize kwenye chupa ya petroli nje ya nyumba usiku kucha, na asubuhi kilinganishe na kipande kikavu. Kikiwa kimenenepa au kinabonyea kirahisi, mrudishie mpira wake. Klipu ziwe zile ndogo zenye ukanda laini usio na matundu. Zenye matundu zinakata mpira zikikazwa.

Wakati mipira imetoka, fundi ashike kwa vidole vile vijibomba vya shaba vinavyoingia kwenye kabureta na kwenye pampu, ajaribu kuvizungusha. Visicheze hata kidogo. Vimeshindiliwa tu, havikufungwa kwa nati, na kwa miaka mingi ya joto na baridi vinalegea. Kijibomba cha kabureta kikichomoka ukiwa unaendesha, pampu inamwagia injini yenye moto petroli mfululizo, na moto mwingi wa Coccinelle huanzia hapo. Kikicheza, kabureta ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kukata meno ya skrubu ili iwekewe kijibomba cha kufungwa kwa skrubu. Gundi isitumike. Na kama una chujio cha plastiki kimening'inia kati ya pampu na kabureta, kiondoe hapo hata ikiwa hakivuji. Uzito wake unavuta kijibomba hicho kila gari linaporuka shimo, na Bukavu mashimo hatuyakosi. Mahali pake ni chini, karibu na giaboksi, nje ya chumba cha injini.

Mtu atakushauri pampu ya umeme. Kwa uvujaji wako haitibu kitu: inaongeza msukumo kwenye kiungo kibovu, na ikifungwa bila kinga inaendelea kusukuma hata injini ikizimika. Koki ya kufunga petroli chini ya tangi ina maana zaidi kwa mtu anayelala mlimani, na Coccinelle za kabla ya 1961 zilikuwa na koki yake. Ningeikubali kama nyongeza baada ya matengenezo. Kama mbadala wake, hapana, kwa sababu inalinda usiku tu, nayo inaleta viungo viwili vipya. Kugeuza gari pua chini ni bure na kunapunguza uvujaji leo hii, ilimradi breki ya mkono inashika na umeweka mawe chini ya magurudumu.

Kuhusu kuchomelea tangi, nakuomba uwe mkali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake kuna mvuke na hewa, na kutu na mikunjo ya bati inashikilia petroli kwa siku nyingi. Kama kweli itathibitika limetoboka, kwanza tafuta tangi lingine zima. Lisipopatikana, muulize fundi ataliandaaje. Akikujibu kwamba ataliacha wazi usiku mmoja halafu achomelee, beba tangi lako urudi nalo nyumbani. Anayeijua kazi hiyo atakueleza habari ya kulisafisha kwa maji moto au mvuke kwa saa nyingi, kisha kulijaza maji na kuacha nafasi ndogo tu pale anapochomelea.

Mipira ya chini na ya nyuma mtu mwenye mikono anaweza kuibadilisha mwenyewe. Lakini mpe fundi kama oili inanuka petroli, kama doa liko katikati ya gari, kama kijibomba kinacheza, au kama umebadilisha mipira na kadibodi bado inalowa. Mchague yule anayeuliza gari linaegeshwa vipi kabla hajashika spana. Nawe kaa karibu uangalie mambo haya: gari lipo nje, injini imepoa kabisa, waya hasi wa betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma, umetolewa kwanza, hakuna anayevuta sigara, na kizimamoto cha unga cha kilo 1 au 2 kiko mkononi, si ndani ya nyumba. Petroli itolewe kwa kuichuruzisha kwenye bidoni. Mtu asiivute kwa mdomo, maana kijiko kidogo kikiingia kwenye mapafu kinaweza kumlaza hospitali. Na aliyeimeza asitapishwe, apelekwe kwa daktari mara moja. Ile iliyochafuka isimwagwe mtaroni, mitaro yetu yote inaishia Kivu.

Kazi ikiisha, injini iungurume dakika 10 mlango wa injini ukiwa wazi, na kila kiungo kipanguswe kwa karatasi nyeupe. Izimwe, isubiri nusu saa, ipanguswe tena, kwa sababu joto hupanda baada ya kuzima na kiungo dhaifu hujionyesha wakati huo. Halafu jaribio la usiku, pua juu, tangi likiwa limejaa, kadibodi chini. Ukinunua mpira wenye kitambaa kwa nje kama wa zamani, ujue kitambaa kinaficha nyufa. Mimi napendelea usio na kitambaa, nauinamisha kidogo kila ninapopima oili na naona kama umeanza kupasuka. Vyovyote utakavyochagua, andika tarehe ndani ya mlango wa injini, na ikifika miaka mitano ubadilishe hata kama unaonekana mzima.